Kitenge cha Mwalimu Tupokigwe

Baba Paroko, viongozi wa jumuiya, walimu, majirani wa Segerea na Tabata, ndugu mliosafiri kutoka Rungwe na Masasi, na nyinyi wapenzi wa muziki wa dansi mliojaa mpaka nje ya geti, wenye kusema Tumsifu Yesu Kristo mmesalimiwa, wenye kusema Bwana asifiwe mmesalimiwa, na majirani zetu Waislamu, asalamu aleikum. Anayesoma historia hii ni Polikarpo Chilumba, mdogo wake mfiwa, na kwa kuwa marehemu alikuwa shemeji yake, na shemeji ni mtani, familia imemkabidhi karatasi hii kwa masharti kwamba asome yaliyoandikwa na asiongeze ya kwake, naye ameahidi kujitahidi.

Kabla ya kuanza, familia inaomba radhi kuhusu sare. Vitenge vya bluu tulivyovaa vilinunuliwa Kariakoo siku ya Jumatano kwa uamuzi wa kamati, kwa heshima ya ule wimbo ambao kila aliyepo hapa anaujua, na wapenzi wa wimbo wenyewe wamekuja na bluu zao bila kuambiwa na mtu, lakini mtakapopita kutoa heshima za mwisho mtamkuta marehemu amevaa kijani. Aliyemvalisha hakukosea, tuliokosea ni sisi wengine wote, na tutaeleza tukifika mahali pake.

Marehemu Tupokigwe Fredrick Mwaisumbe alizaliwa tarehe 3 Machi 1961 katika kijiji cha Masoko, wilaya ya Rungwe, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa Mzee Fredrick Mwaisumbe, mkulima wa chai, na Mama Editha, ambao wote wametangulia mbele za haki. Alibatizwa katika Kanisa la Moravian mwaka huohuo, akaanza darasa la kwanza mwaka 1969 na kumaliza la saba mwaka 1975, na dada yake Eufrazia, ambaye tunaye hapa, anasema kwamba tangu darasa la nne alikuwa akizisahihisha barua za baba yao kabla hazijapelekwa posta, akizirudisha na mstari chini ya kila kosa, na mzee, badala ya kukasirika, alikuwa akikaa chini na kuziandika upya. Mwaka 1976 alichaguliwa kuendelea na sekondari mkoani Iringa, akamaliza kidato cha nne mwaka 1979, akajiunga na Chuo cha Ualimu Mpuguso, na kuhitimu mwaka 1982 akiwa mwalimu wa daraja la Tatu A.

Kazi aliianza Jumatatu ya tarehe 17 Januari 1983 katika shule ya msingi huko Temeke, akafundisha Kiswahili na hisabati kwa miaka kumi na mmoja, akahamishiwa Tabata mwaka 1994, akawa mwalimu mkuu msaidizi kuanzia mwaka 2003 hadi alipostaafu kwa heshima tarehe 3 Machi 2021. Wanafunzi wake wamo humu, wengine wana ndevu nyeupe kumzidi msomaji, na wote watashuhudia kwamba Mwalimu hakupiga kelele darasani wala hakusifu ovyo, ukipata saba kwa kumi kwake unakwenda kumwambia mama yako. Kutoa alama kulimwingia kwenye damu, alitoa alama kwa pilau la harusi, kwa ufundi wa waliomjengea ukuta, kwa namna mgeni alivyobisha hodi, na Baba Paroko asiwe na wasiwasi, tumetafuta sana na alama za mahubiri hatukuziona.

Sasa tunafika kwenye ndoa, na hapa ndipo penye jambo. Jumatano ya tarehe 9 Julai 1986, marehemu alitumwa na shule kwenda Keko kufuatilia kabati la vitabu lililokuwa limeahidiwa kukamilika tangu Ijumaa ya wiki iliyotangulia, mafundi mnawajua, akamkuta seremala mmoja wa kutoka Masasi aitwaye Wilbert Chilumba, mwenye umri wa miaka thelathini, kabati likiwa halina milango. Seremala alimwambia aje kesho, Mwalimu akajibu kwamba kesho yake ilikwisha kupita Jumamosi, akavuta kigoda na kukaa. Ilipofika saa moja jioni umeme ukakatika, seremala akashukuru Mungu moyoni na kuanza kufunga vyombo, lakini Mwalimu alikwenda kwa mama lishe wa jirani, akaazima chemli, akarudi na kusimama juu ya kichwa cha fundi akimmulikia, akibadilisha mkono huu na huu, mpaka milango yote miwili ikafungwa na ikafunguka. Hawakuzungumza chochote zaidi ya sogeza huku na inua kidogo, lakini kaka Wilbert alirudi nyumbani usiku ule akashindwa kula, na mdogo wake, ambaye alikula chakula chote, ndiye shahidi.

Walifunga ndoa Jumamosi ya tarehe 12 Desemba 1987 katika Kanisa Katoliki Chang'ombe, wakaishi Temeke, halafu Tabata, na kuanzia mwaka 2005 wakahamia hapa Segerea. Mungu aliwajalia watoto watatu, Benjamin aliyezaliwa tarehe 20 Septemba 1988, Noela aliyezaliwa siku ya Noeli mwaka 1991, na Sesilia aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1996, pamoja na wajukuu watano.

Mnajua kwamba kaka Wilbert mchana alikuwa seremala na mwisho wa wiki alikuwa mwimbaji wa bendi ya Nyota ya Kipawa. Yale ya Keko aliyatungia wimbo, akauita Umenishikia Taa, akamficha mke wake ili iwe zawadi, na bendi ikaenda kuurekodi redioni wiki ileile Mwalimu alipolazwa kujifungua Benjamin. Kwa hiyo marehemu aliusikia wimbo wake kwa mara ya kwanza akiwa wodini na akina mama wengine, kwenye redio ya muuguzi, akasikia mumewe akiimba kwa sauti ile aliyokuwa nayo zamani, umenishikia taa, mama wa kitenge cha bluu, nimalize kazi yangu. Wenzake wawili walilia pale vitandani. Mwalimu hakulia, kwa sababu tarehe 9 Julai 1986 alikuwa amevaa kitenge cha kijani.

Kaka Wilbert alipokuja kumtazama mtoto, akiwa na maua na furaha ya watu wawili, akauliza ameuonaje wimbo, na jibu alilopewa, ambalo amemsimulia mdogo wake kwa miaka thelathini na sita bila kulizoea, lilikuwa, "Rangi si hiyo, Baba Benja. Nenda karudie." Kaka alijitetea kwamba kwa mwanga wa chemli kijani na bluu ni ndugu, na kwamba yeye siku ile hakuwa akitazama kitenge, lakini haikusaidia, na kurudia hakukuwezekana tena, kwa sababu wimbo ulikwisha kutoka na watu walikwisha kuushika.

Na waliushika kweli. Hakuna aliyepo hapa asiye na kisa chake na wimbo ule, yupo Mzee Jabiri wa Kipawa aliyemwita binti yake Taa, yupo askari mstaafu wa gereza la hapa Segerea anayesema kuna miaka wafungwa waliuimba wote kwa pamoja wakati wa kupanga foleni ya uji, wapo maharusi wasiohesabika walioingia ukumbini bibi harusi akiwa ameshika chemli, na wauza vitenge wa Tandika walikuwa na bluu moja waliyoiita mama wa taa, ambayo ilikuwa ikiisha dukani kabla haijakunjuliwa. Watu walimpenda sana mwanamke yule wa wimbo, na walichotaka kujua ni kimoja tu, ni nani.

Walimu wenzake walimuuliza, wanafunzi wakamuuliza, mpaka mkaguzi wa elimu akamuuliza, naye akawajibu wote kwa maneno yaleyale, "Mie sijawahi kuwa na kitenge cha bluu," ambayo yalikuwa kweli tupu, maana marehemu hakusema uongo hata wa kumbembeleza mtoto. Kwanza alikataa kwa ajili ya darasa, alimwambia dada Eufrazia kwamba mwalimu akishaimbwa redioni hatasikilizwa tena hesabu za sehemu, halafu akakataa kwa msimamo, kwamba hawezi kujitaja kwenye wimbo wenye kosa, na mumewe naye akamkataza kumtaja. Watu wakafanya hesabu yao wenyewe, kama si mke basi yupo mwingine, wakampata Mama Demetria wa Tabata, mwenye baa, aliyekuwa na vitenge vya bluu si haba, na ambaye kila alipoulizwa alikuwa akicheka na kusema, "Mie sisemi kitu." Baa yake ilijaa miaka kumi. Mama Demetria yupo hapa nasi, ametuletea mchele gunia zima na amekesha na wafiwa siku nne, tunamshukuru sana, na leo tunamwomba aendelee kutosema kitu.

Kaka Wilbert alijaribu kusahihisha. Jumatatu ya Pasaka, tarehe 4 Aprili 1994, katika ukumbi mmoja Temeke, alisimama mbele ya watu akaimba mama wa kitenge cha kijani, na ukumbi mzima ukamfunika kwa kuimba bluu, akarudia kijani, wakarudia bluu, mpaka mpenzi mmoja akapanda jukwaani, akamtunza noti, akamnong'oneza, "Braza, umechoka, wimbo wetu umeusahau." Kiongozi wa bendi alimwambia aache ubishi. Tangu siku ile aliimba bluu kama alivyotakiwa, na waliokuja nyuma yake wakachukua hivyohivyo, vikundi vya taarabu, matarumbeta ya harusini, vijana wa bongo fleva, mpaka watoto wa singeli, kila mmoja akaugeuza wimbo alivyotaka isipokuwa rangi.

Tuseme wazi kilichomsumbua kaka yetu, kwa sababu mwenyewe hasemi. Alisifiwa na mawaziri, alisifiwa na makonda, alisimamishwa barabarani na watu wazima wenye machozi, lakini nyumbani kwake sifa haikuwahi kutoka. Wimbo ulipolia redioni Mwalimu aliendelea kusahihisha madaftari. Mwaka 2012, wakiwa wanapiga randa mbao za kanisa, alimwambia mdogo wake hivi, "Dar nzima imenisifu, Poli, amebaki mtu mmoja, na huyo mmoja ndiye nilimwimbia." Alidhani ule wimbo haukumpendeza. Alizeeka na dhana hiyo, sauti ikamwisha mwaka 2019 nayo dhana ikabaki.

Ugonjwa wa marehemu ulianza Novemba 2023 kwa kuchoka na kuvimba miguu, akafanyiwa vipimo, ikagundulika kwamba moyo umepanuka, akatibiwa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili kwa nyakati tofauti, akilazwa na kuruhusiwa. Mwezi Machi mwaka huu alimwita Noela, akamwambia kwamba tarehe zote za historia yake zimo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, lisifunguliwe hadi siku ya kuziandika, na kwamba watakachokikuta watakisoma kama kilivyo, wasisahihishe. Hali ilibadilika Jumatatu ya tarehe 12 Mei, akakimbizwa hospitali, na Jumanne ya tarehe 13 Mei 2025, saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, akaitwa na Muumba wake akiwa na umri wa miaka sitini na minne, miezi miwili na siku kumi, mumewe akiwa amemshika mkono.

Alhamisi, wakati kamati ikitafuta tarehe ya ubatizo, Noela alifungua sanduku. Juu kulikuwa na vyeti. Chini ya vyeti kulikuwa na kitenge cha kijani, kimekunjwa vizuri, chenye doa la mafuta ya taa kwenye upindo, na ndani ya kitenge kulikuwa na kaunta buku moja nene, imefunikwa gazeti kama ya mwanafunzi, imeandikwa juu, Umenishikia Taa, Maendeleo. Humo, kwa kalamu nyekundu, tangu Septemba 1988, marehemu aliandika kila mara alipousikia wimbo ule, tarehe, mahali, mwimbaji, maoni na alama. Ni mara mia mbili na kumi na mbili. Mtu ambaye wimbo haukumpendeza hafanyi kazi hiyo.

Kwa idhini ya familia tunasoma machache. Wodini, 24 Septemba 1988, akina mama wawili wamelia, sauti nzuri mno, rangi si sahihi, saba kwa kumi, arudie. Temeke, 4 Aprili 1994, nilikuwa nyuma karibu na mlango, hakuniona, amejaribu, wananchi wamemshinda, nane kwa kumi. Kwaya, 1997, wameufanya wa dini, vizuri, ila ubeti wa pili wanaukimbia, sita. Taarabu, 2001, dada anajua kutafuna maneno, ameniliza kidogo, nane kasoro rangi, saba. Matarumbeta, Tabata, 2006, wameuharakisha wawahi pilau, tano. Singeli, 2018, kwa mwendo huu taa ingezimika, nne, lakini watoto wa mtaani wamefurahi, tano. Na upo ukurasa wa tarehe 7 Novemba 2004, Komunyo ya kwanza ya Sesilia, ambapo mgeni mmoja alimwambia marehemu, akiwa anampakulia chakula, kwamba Wilbert alimwimbia Demetria na ndiyo maana wimbo una uchungu. Pale hakuna alama, pameandikwa maneno mawili tu, Nimenyamaza. Imeniuma.

Kwa nini hakumwambia mumewe, familia haijui. Walimu wenzake waliokuwepo kwenye kikao walisema mwalimu hatoi matokeo kabla mtihani haujaisha, na sisi tumelichukua jibu hilo kwa kuwa hatuna lingine.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Muhimbili, hasa wale wa wodi waliomvumilia alipokuwa akisahihisha chati zao, inawashukuru walimu wa Temeke na Tabata, Jumuiya ya Mtakatifu Anna, majirani wote wa hapa Segerea, Mzee Suleiman aliyetoa uwanja wake kwa ajili ya maturubai, akina mama waliopika tangu Jumanne, wapenzi wa wimbo, na Mama Demetria kwa mara ya pili. Ambao hatukuwataja mtusamehe, hatukukusudia.

Limebaki jambo moja, nalo tumeliweka mwisho kwa makusudi. Ukurasa wa mwisho wa kaunta buku umesomwa na watu watatu tu, Benjamin, Noela na anayesoma, na kaka Wilbert hajauona, kwa kuwa marehemu aliagiza usomwe siku ya leo, na Mwalimu hakiukwi. Ni wa Jumapili ya tarehe 27 Aprili mwaka huu, siku kumi na sita kabla ya kufariki. Watoto wanaikumbuka jioni hiyo, umeme ulikatika, baba yao akawasha chemli, akamshikia mama yao taa huku Noela akimnywesha dawa, na katika kushika taa akaanza kuimba peke yake, kwa sauti hii aliyobaki nayo, ambayo sote tunaijua kwamba ni mikwaruzo. Humu ndani hapakuwa na ukumbi wa kumzuia, akaimba rangi aliyotaka. Mwalimu alifumba macho, wakadhani amelala. Kesho yake aliomba kalamu.

Mwandiko umetetemeka lakini unasomeka, na tunausoma kama ulivyo, kaka Wilbert, inua uso usikilize. Nyumbani, Segerea, mwimbaji mmoja, hana ala, sauti imekwisha, rangi sahihi, kumi kwa kumi. Mwenye kitenge ni mie.

Mwalimu, matokeo yametoka na mwenyewe ameyasikia. Taa tumeipokea mkononi mwako, pumzika.